Maji Yanakwenda Wapi: Niliyojifunza kwa Mchoraji wa Guangzhou

Karatasi ya Xuan haimsubiri mtu. Ukiigusa kwa ncha ya brashi iliyoloa, wino umeshazama na kutambaa pembeni kabla hujainua mkono, na alama hiyo haifutiki wala haifunikiki. Ukisita, karatasi inasema ulisita. Ukirudia mstari, inasema ulirudia. Mimi nilikuja Guangzhou, kusini mwa China, nikitokea kwenye rangi ya mafuta ya makopo na hadibodi, mikono yangu imelelewa na wachoraji wa Tingatinga pale karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Kule rangi inakaa juu ya ubao. Inakauka, inang'aa, unaongeza nyingine juu yake, na kama twiga hakukaa vizuri unamfunika na kuanza upya. Karatasi inayosharabu namna ile ilinitisha, lakini pia ilinivuta.

Aliyenifundisha kuielewa ni mama mmoja mchoraji, mzaliwa wa hapa hapa Guangzhou. Hapendi jina lake liwekwe mtandaoni, nami nitaliheshimu hilo. Tunamwita Mwalimu, kama ilivyo desturi ya huku. Alisomea uchoraji wa wino wa Kichina tangu utotoni, kisha akaenda Kyoto akakaa miaka akijifunza nihonga, ule uchoraji wa Kijapani wa rangi za madini. Picha anazochora leo zimebeba vyote viwili, na wageni wakija hunyoosha kidole kwenye shina la mti, kisha kwenye ua, wakitaka waambiwe wapi ni China na wapi ni Japani. Mwalimu hajibu. Huwapeleka kwenye meza ya karatasi, akadondosha tone moja la maji kwenye kila karatasi, akawaacha watazame.

Nimeiona meza hiyo ikitumika mara nyingi hata sasa siwezi kuieleza kazi yake bila kuanzia hapo.

Karatasi ya Xuan hutengenezwa wilaya ya Jing, mkoa wa Anhui, kwa gome la mti uitwao qingtan pamoja na mabua ya mpunga. Ufundi wa kuitengeneza uliingizwa na UNESCO mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ikiwa mbichi, yaani haijapakwa kitu, tone la maji huzama na kupanuka duara, na baada ya punde limekuwa kubwa kuliko lilivyodondoka. Karatasi ya kuchorea nihonga ni nene, nyuzi zake ndefu, nyingi zikitoka kwenye gome la mforosadi wa karatasi, nayo kabla ya kutumika hupakwa maji ya gundi ya ngozi yaliyotiwa shabu. Shabu ni ile ile tunayoijua sisi watu wa pwani, ya kusafishia maji na ya vinyozi. Ikikutana na gundi, huziba vinyweleo vya karatasi. Tone likidondoka hapo hukaa juu, limejivimbisha, na unaweza kulisukuma kwa brashi kwenda unakotaka.

Tofauti yote inaanzia hapo. Kwenye karatasi inayokunywa, mchoraji anafanya uamuzi kabla hajagusa, kwa sababu akishagusa hana tena usemi. Kwenye karatasi iliyozibwa, mchoraji ana muda: anaweka tabaka, anasubiri, anaweka jingine, analisugua kwa brashi yenye maji, anaongeza. Ni tabia mbili za mkono na, naamini, tabia mbili za moyo. Ndiyo maana Mwalimu kwa muda mrefu hakuniruhusu kuzichanganya. Siku za wino zilikuwa za wino tu: mianzi, mawe, matawi, nikisaga kijiti cha wino kwenye jiwe la Duan linalotoka Zhaoqing, magharibi ya hapa tulipo. Siku za rangi zilikuwa za rangi tu. Nilipomwuliza ni lini nitaanza kuzikutanisha, alisema mikono yenyewe itaniambia, na akarudi kwenye kazi yake.

Jambo la kuongeza, kwa kuwa wengi hulikosea: China nayo ina karatasi na hariri iliyopakwa shabu. Hutumika kwenye uchoraji wa kina, wa mistari myembamba na rangi za tabaka, na uchoraji huo ni wa kale sana. Wajapani nao wamechora kwa wino mtupu kwenye karatasi kwa mamia ya miaka. Sesshū, mtawa mchoraji ambaye Wajapani humweka juu kabisa kwenye sanaa ya wino, alisafiri kwenda China mwaka 1467 na kurudi kwao mwaka 1469. Basi anayetafuta mpaka kati ya nchi hizi mbili kwenye picha anatafuta kitu ambacho kimevukwa mara nyingi mno kiasi kwamba njia yenyewe imekuwa pana.

*

Gundi ndiyo kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi, na nitaikalia kidogo kwa sababu nadhani hapo ndipo sanaa hizi mbili zinapokutana kweli.

Rangi za nihonga ni mawe yaliyosagwa. Azuraiti hutoa buluu, malakaiti hutoa kijani, zingifuri hutoa nyekundu. Huuzwa zikiwa unga, kwa gramu, na kila jiwe hupangwa kwa namba kulingana na ukubwa wa chembe zake. Namba 5 ina chembe unazozihisi wazi ukizisugua kati ya vidole viwili. Namba 13 ni laini kama haipo. Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: jiwe ni lile lile, lakini chembe zikiwa kubwa rangi inakuwa nzito na ya kina, zikisagwa zaidi rangi inapauka. Azuraiti moja inakupa buluu ya usiku wa manane na buluu ya alfajiri, bila kuchanganywa na chochote.

Unga huo peke yake haushiki popote. Unahitaji gundi. Vipande vya gundi ya ngozi ya ng'ombe au kulungu huloekwa usiku kucha, asubuhi huwekwa kwenye chombo kidogo ndani ya sufuria ya maji moto, vikayeyuka polepole. Ikichemka imeharibika, nguvu yake imekufa, ingawa kwa macho huoni tofauti. Halafu unamimina matone machache kwenye kisahani cheupe chenye unga wa rangi na kuchanganya kwa kidole cha kati. Brashi haitumiki hapo wala kijiti. Kidole ndicho kinachosikia kama kila chembe imevikwa gundi. Mwalimu huweza kuzungumza na mtu, akitazama dirishani, huku kidole chake kinazunguka kisahanini, na ghafla akaacha: imetosha.

Ikizidi, rangi inakuwa nyeusi, inang'aa pasipotakiwa, na baadaye inapasuka. Ikipungua, inapukutika. Na tabaka la juu lazima liwe na gundi dhaifu kuliko la chini, maana gundi ikikauka husinyaa na kuvuta. Tabaka la juu likiwa na nguvu zaidi litang'oa lililo chini yake. Hii ni kanuni isiyosamehe.

Nyeupe ya nihonga huitwa gofun. Ni makombe ya chaza yaliyoachwa nje kwenye mvua na jua kwa miaka mingi, kisha yakasagwa kuwa unga. Unga huo hupondwa kwenye kinu kidogo, ukatiwa gundi tone kwa tone mpaka ukawa donge laini mfano wa unga wa maandazi uliokandwa vizuri. Donge hilo hubamizwa kwenye kisahani tena na tena, kama mara mia hivi, ili gundi ipenye kila mahali. Kisha unalilaza kama kitambaa chembamba kwenye kisahani, unalimiminia maji ya vuguvugu, unaanza kuliyeyusha kwa kidole. Ukilipaka likiwa bichi halionekani. Unafikiri umepaka maji. Likikauka linang'aa weupe ambao sijauona kwenye rangi yoyote ya dukani.

Sasa, kijiti cha wino wa Kichina kimetengenezwa kwa nini? Masizi na gundi ya ngozi. Masizi ya msonobari au ya mafuta, yakakandwa na gundi, yakakaushwa. Mwalimu alinionyesha hilo siku moja alipovunja kijiti kibovu na kukiloweka: maji yakawa meusi, na harufu ikawa ile ile ya sufuria ya gundi ya rangi. Kwa jinsi ninavyoona mimi, kila anachofanya kinawezekana kwa sababu hiyo. Wino wa huku na rangi ya kule vina mama mmoja. Vinaweza kulala kwenye karatasi moja bila kugombana, mradi maji yaamuliwe kwanza.

Guangzhou hairahisishi kazi hii. Kuanzia Februari hadi Aprili kuna siku ambazo hewa ya joto yenye unyevu hutoka kusini na kukuta kuta bado ni baridi, na kuta hutoka jasho. Sakafu inateleza, nguo hazikauki, gundi huota ukungu hata ikiwa kwenye friji. Karatasi iliyopakwa shabu wakati huo hukauka vibaya. Mwalimu ana daftari aliloandika vipimo vyake vya gundi na shabu kwa kila majira, na vipimo vya Kyoto ameviandika ukurasa wa kushoto, vya Guangzhou ukurasa wa kulia. Havifanani hata kimoja. Nadhani daftari lile lina elimu nyingi kuliko maandishi mengi ya nadharia kuhusu sanaa kukutana.

*

Chumba chake kipo wilaya ya Haizhu, si mbali na bustani iitwayo Shixiang. Hapo aliishi na kufundisha Ju Lian, mchoraji wa maua na wadudu aliyefariki mwaka 1904. Yeye na binamu yake Ju Chao walijulikana kwa mbinu ya kudondosha maji kwenye rangi ambayo bado haijakauka. Maji huisukuma rangi mpaka ukingoni, na ikikauka jani linabaki na kati iliyofifia na ukingo uliokolea, kana kwamba lina unyevu ndani. Mbinu nyingine ya kwao ni kudondosha unga mweupe ndani ya rangi hiyo mbichi, ukaelea juu na kufanya ukungu kama ule wa ganda la tunda.

Mwalimu alinipeleka kwenye bustani ile nikiwa bado mgeni. Baadaye, tukiwa kazini, alifungua kitabu cha picha za Tawaraya Sōtatsu, mchoraji wa Kyoto wa mwanzoni mwa karne ya 17, akaniambia nitazame majani na mawingu tu. Nikaona doa ndani ya doa, rangi iliyodondoshwa ndani ya rangi mbichi na kuachwa ijitafutie njia. Wajapani huiita tarashikomi. Miji miwili, bahari katikati, zaidi ya karne mbili kati ya mmoja na mwingine, na wote wamefika mahali pamoja: mchoraji anaacha maji yamalizie sentensi. Yote mawili yanahitaji karatasi au hariri iliyozibwa. Kwenye Xuan mbichi hayawezekani, kwa kuwa maji hayakai.

Ju Lian alikuwa na mwanafunzi aitwaye Gao Jianfu, aliyezaliwa mwaka 1879. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gao alikwenda Japani, akakutana na uchoraji mpya wa kule, akajiunga na chama cha Sun Yat-sen kilichotaka kuuangusha ufalme wa China, akarudi nyumbani akiamini kwamba uchoraji wa China lazima ufanywe upya. Yeye, mdogo wake Gao Qifeng na Chen Shuren, ambaye naye alisoma Kyoto, ndio waanzilishi wa kundi linaloitwa Lingnan, kwa jina la nchi hii ya kusini. Kwenye kazi za Takeuchi Seihō, mchoraji wa Kyoto, walijifunza namna ya kuchora manyoya ya mnyama hadi utake kuyagusa, na namna ya kuweka hewa, mwanga na ukungu ndani ya picha. Gao alichora hata ndege za vita kwa wino, zikiwa zinapita kwenye mvua.

Miaka ya 1920 wachoraji wahafidhina wa hapa hapa mkoani walimshambulia kwa maneno makali: kwamba anachokiita kipya ni picha za Kijapani zilizovishwa nguo za Kichina. Nimeziona baadhi ya picha za mwanzo za kundi lile na sitasema lawama ile haikuwa na msingi wowote. Wapo simba na chui waliokuja wazima wazima kutoka Kyoto. Lakini nikisimama mbele ya kazi za baadaye, hasa misufi ya Chen Shuren, lawama ile inaniishia mdomoni. Muda ulipita, mikono ikazoea, na kile kilichoazimwa kikawa kimelipwa.

Lawama ile ilikuwa na uchungu mwingine baadaye. Oktoba 1938 jeshi la Japani liliingia Guangzhou. Gao alikimbilia Macau. Babu yake Mwalimu alikuwa mtoto mjini humu wakati huo. Aliyaona ambayo mtoto hapaswi kuyaona, na hakuyasimulia mpaka uzeeni, nayo kwa vipande. Mjukuu wake alipopata nafasi ya kwenda Kyoto hakumkataza, lakini pia hakutoka nje kumsindikiza. Mwalimu aliniambia kwamba miaka yote ya Kyoto alikuwa akichora akimwona mzee yule amekaa kwenye kiti chake, kimya. Aliporudi alimwonyesha picha ya kwanza. Mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa seremala, aliinama karibu sana na picha, akainusa, akauliza gundi ni ya ng'ombe au ya kulungu. Wakazungumza juu ya gundi mchana kutwa. Juu ya mengine hawakuzungumza, na Mwalimu anasema hakuona haja ya kumlazimisha.

Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba sanaa haina mipaka. Ni rahisi kulisema ukiwa hukai nyumba moja na mzee yule.

*

Picha iliyonifundisha zaidi ni ya msufi mwekundu. Huu ndio mti ambao ua lake ni ua la jiji la Guangzhou. Unachanua kabla majani hayajatoka, maua makubwa mekundu yenye nyama, kwenye matawi matupu. Ni wa ukoo wa msufi wetu ule unaojaza mito na magodoro pwani, kwa hiyo nilipouona mara ya kwanza barabarani nilimsalimu kama jirani.

Mwalimu alitandika karatasi ya Xuan mbichi, ya tabaka mbili, kubwa kuliko meza ya chakula. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona. Alichukua brashi pana bapa ya manyoya ya mbuzi, akaichovya kwenye maji ya gundi na shabu, akapaka sehemu chache tu: hapa pa ukubwa wa kiganja, pale pa ukubwa wa sahani, kule juu kona. Kila sehemu aliizungushia maji matupu ukingoni ili shabu ififie na isiache mstari. Karatasi ilipokauka huwezi kuona chochote. Lakini sasa ilikuwa karatasi moja yenye tabia mbili: sehemu kubwa inakunywa, na visiwa vichache vinakataa. Visiwa hivyo ndimo maua yatakamokaa. Yaani picha ilikwisha kuamuliwa kabla hajaweka rangi hata tone.

Akaanza na shina. Brashi kubwa, wino wa unyevu wa aina tatu ndani ya brashi moja: maji kwenye shina la manyoya, wino mwepesi katikati, mzito nchani. Akailaza ubavu na kuvuta kutoka chini kwenda juu kwa pumzi chache. Wino ukatambaa, ukaonyesha magome na miiba ya msufi bila yeye kuichora, na ulipofika kwenye kisiwa cha shabu ukasimama wenyewe, kwa upole, ukiacha nafasi ya ua. Nilikuwa nimeshika kisahani; nilisahau kukiweka chini.

Maua alianza siku nyingine. Ndani ya kila kisiwa alitandaza nyekundu nyepesi ya mmea, ikakaa juu ya karatasi ikimetameta. Ikiwa bado mbichi, akadondosha maji katikati ya petali kama walivyofanya kina Ju, rangi ikakimbilia ukingoni. Akainua upande mmoja wa ubao kidogo, akaweka kipande cha mbao chini yake, akaniambia nisiguse hadi kesho. Zilipokauka ndipo akaja na zingifuri, iliyochanganywa kwa kidole, tabaka jembamba kivulini mwa petali, kisha jingine. Mashavu ya ua yakaanza kuwa na uzito. Vikonyo alivipa malakaiti ya chembe kubwa, na ukisogea karibu na kuinamisha kichwa unaona chembe zenyewe zikishika mwanga. Gofun kidogo kwenye nyuzi za ndani ya ua.

Mwisho mvua. Alinyunyiza maji karatasi nzima hadi ikawa na unyevunyevu, akachukua brashi pana nyingine, karibu kavu, yenye wino hafifu sana, akapita kwa mshazari kutoka juu. Namna hii ya kuchora hewa bila mstari ilianzishwa Tokyo karibu na mwaka 1900 na Yokoyama Taikan na Hishida Shunsō, na wakosoaji wa kwao waliibeza kwa kuiita ya ukungu na ya kutoeleweka. Kwenye sehemu mbichi mvua ya Mwalimu ilizama na kuwa anga. Kwenye maua iliteleza, ikaacha alama kidogo tu, kama ilivyo mvua ya kweli juu ya petali nene. Hapo nilielewa kwa nini visiwa viliwekwa namna ile tangu siku ya kwanza.

Nusu ya ugumu ilikuwa bado, kwani picha ya karatasi ya Xuan haijakamilika mpaka ibandikwe. Fundi huilaza kifudifudi, huilowesha, huipaka gundi ya unga wa ngano na kuibandika karatasi nyingine mgongoni, akiisugua kwa brashi mpaka inyooke. Karatasi iliyonyonya maji hutanuka. Iliyozibwa kwa shabu hutanuka kidogo tu. Msufi ule ulikuwa na zote mbili. Fundi mzee tunayemtegemea aliupapasa, akaurudisha. Alisema visiwa vile vitakunja makunyanzi kuvizunguka, na kwamba malakaiti nene vile ikiviringishwa itapasuka, kwa hiyo Mwalimu asitarajie picha ya kuning'inizwa na kukunjwa kama zilivyo za kale. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Walikaa wakanywa chai, wakakubaliana: picha ibandikwe moja kwa moja kwenye ubao wa mbao mwepesi, kama wanavyofanya Kyoto, na inyunyiziwe maji kwa ukungu tu badala ya kuloweshwa. Ikafaa. Tangu hapo Mwalimu anaamua kwanza: ikiwa picha ni ya kuviringisha, rangi ya madini iwe ya chembe ndogo na tabaka jembamba, akitaka chembe kubwa, basi ni ubao. Wanaoandika juu ya picha zake huzungumzia falsafa ya nafasi tupu. Mimi nawasihi wamhoji pia yule fundi.

*

Watu wa rika la Mwalimu waliokwenda Japani kujifunza rangi za mawe walikuta kule walimu waliokuwa wakitazama China. Mkubwa wao alikuwa Hirayama Ikuo, aliyenusurika bomu la Hiroshima akiwa na umri wa miaka 15, akaja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchangisha fedha za kuhifadhi mapango ya Mogao kule Dunhuang, mkoa wa Gansu. Kwenye mapango yale kuna mapango 492 yenye michoro ya ukutani, jumla ya mita za mraba 45,000, na kuta hizo zimepakwa azuraiti, malakaiti na zingifuri. Ukienda kutafuta rangi ya mawe Kyoto unarudishwa Gansu. Mwalimu alikwenda huko mara tu aliporejea, na ananiambia hapo ndipo alipoacha kujieleza kwa watu.

Kwenye Jumba Kuu la Umma mjini Beijing kuna picha ya milima na mito, mita 9 kwa 5 na nusu, iliyochorwa mwaka 1959 na watu wawili: Fu Baoshi, aliyesoma Tokyo miaka ya 1930, na Guan Shanyue, mwanafunzi wa Gao Jianfu, ambaye mwaka 1943 alikwenda Dunhuang kunakili michoro ya ukutani. Wageni wengi wa serikali hupigwa picha mbele yake. Naitaja kwa sababu tu huwa najisikia vizuri nikikumbuka kwamba mikono ile miwili ilikuwa imepita njia hizo hizo.

Mchango wangu kwenye chumba kile ni mdogo lakini naujali. Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi wa Guangzhou hufanyia biashara, nilifahamiana na kaka mmoja wa Lubumbashi anayesafirisha vitambaa. Tulikutana kwa Kiswahili, chake cha kwao, changu cha pwani, tukaelewana. Nilipomweleza kazi yangu alicheka kwa furaha, akasema malakaiti kwao Katanga inachongwa vikombe na wanyama wa kuuzia wageni, na safari iliyofuata akaniletea mfuko wa vipande vilivyovunjika ambavyo wachongaji walikuwa wanavitupa.

Tulivisaga wenyewe. Kwanza kwa nyundo ndani ya kitambaa kinene, kisha kwenye kinu cha chuma, tukiwa tumefunga barakoa na kulowesha unga kila mara, kwa kuwa vumbi la jiwe hilo lina shaba na ni sumu kulivuta. Halafu Mwalimu akanionyesha namna ya kupata namba. Unga unatiwa kwenye bakuli la maji, unakorogwa, unahesabu kidogo. Chembe kubwa zinazama kwanza, unamimina maji yenye chembe zilizobaki kwenye bakuli la pili, unasubiri zaidi, unamimina kwenye la tatu. Mwisho tukawa na mabakuli yaliyopangwa mezani, kijani kizito cha msituni upande mmoja, kikipauka hadi upande wa pili ambako kilikuwa karibu cheupe. Alichovya kidole kwenye kila bakuli na kukipitisha kwenye karatasi, michirizi sambamba, akaandika chini yake tarehe na neno Katanga kwa herufi za Kichina. Karatasi hiyo ameibandika kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wake peke yake, kwa sababu jiwe hilo lina mistari meusi mingi na linataka gundi kwa namna yake. Bado tunaitafuta. Kaka wa Lubumbashi anarudi baada ya Idi, nami nimemwomba achague vipande vyenye kijani kilichokolea na visivyo na mistari mingi.